Mkasi ukishakata, nani anashona? Maswali yenu kuhusu uhariri wa jeni

Barua za mara hii zimejaa habari za mkasi: CRISPR, chombo cha kukata DNA mahali ulipopachagua, inakata vipi, inakata wapi, inakosea mara ngapi. Wachache mmeuliza kinachotokea baada ya kukata, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kwa hiyo msishangae nikirudi hapo hata pale ambapo swali lilikuwa la jambo jingine.

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, nasoma biolojia. Kitabu chetu kinasema "ulengaji wa jeni" katika sura moja na "uhariri wa jenomu" katika sura nyingine. Ni kitu kimoja chenye majina mawili?

Marahaba. Nia ni moja, yaani kubadilisha jeni uliyoichagua pale pale ilipo ndani ya jenomu (DNA yote ya seli), ila njia zimetofautiana. Ulengaji ndio uliotangulia. Katika miaka ya 1980 Mario Capecchi na Oliver Smithies, kila mmoja katika maabara yake, walionyesha kwamba ukiingiza ndani ya seli ya mamalia kipande cha DNA ambacho ncha zake mbili zinafanana na jeni iliyomo, seli inaweza kukipokea na kukiweka mahali pa kile cha zamani. Hatukuifundisha seli kazi hiyo. Tangu asili huwa inarekebisha kromosomu iliyovunjika kwa kunakili kutoka nakala pacha, nasi tunampenyezea nakala yetu fundi ambaye tayari yuko kazini.

Martin Evans naye alikuwa amepata, mwaka 1981, seli shina za kiinitete cha panya zinazoweza kukuzwa kwenye sahani ya maabara kisha zikarudishwa kwenye kiinitete na kuwa sehemu ya mnyama mzima. Ugunduzi huo ulipokutana na ule wa kwanza, akapatikana panya aliyezimwa jeni moja tu, ile uliyoitaka. Panya wa kwanza wa namna hiyo walitangazwa mwaka 1989, na wanasayansi hao watatu wakatunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2007.

Ugumu ulikuwa uadimu wa tukio lenyewe: seli kama moja katika milioni. Kikundi cha Capecchi kikabuni mtego ambao hadi leo naufundisha kwa furaha. Katikati ya kipande unaweka jeni ya kustahimili dawa, ili seli isiyopokea kitu ife. Nje ya ncha zinazofanana unaweka jeni ya kirusi cha herpesi, ambayo hugeuza dawa ya gansikloviri kuwa sumu. Seli iliyokipachika kipande ovyo kwa kawaida huwa imeingiza jeni zote mbili, na gansikloviri huiua. Seli iliyobadilishana mahali panapostahili huiacha nje ile jeni ya kirusi, nayo hubaki hai. Sahani nzima inajichuja yenyewe.

Mwaka 1994 maabara ya Maria Jasin ilionyesha jambo lililogeuza mwelekeo: ukiikata DNA ya mamalia mahali unapopataka, ubadilishanaji huo huongezeka mara mia na zaidi, kwa sababu seli haiwezi kuliacha jeraha wazi. Tangu hapo swali likawa moja: tutapata wapi mkasi unaoweza kuelekezwa popote? Uhariri wa jenomu ndio jibu la swali hilo, na ulengaji wa zamani bado umo ndani yake.

Jenomu ya binadamu ina herufi bilioni tatu. Cas9 inapajuaje mahali pake?

Cas9 ndiyo protini ya CRISPR inayokata, na haisomi kutoka mwanzo hadi mwisho. Cas9 inayotumika zaidi, ile ya bakteria Streptococcus pyogenes, hutafuta kwanza alama fupi iitwayo PAM: yoyote kati ya herufi nne za DNA (A, C, G na T) ikifuatwa na G mbili. Pasipo na alama hiyo haisimami. Ikiipata, hufungua nyuzi mbili za DNA na kulinganisha herufi zilizo karibu na alama na RNA elekezi iliyoibeba, ambayo ina herufi 20 za kutambulisha mahali. Zikipishana mapema, inaachia na kuondoka. Zikikubaliana hadi mwisho, inakata nyuzi zote mbili, herufi tatu kutoka kwenye PAM.

Kwa nini alama hiyo iwepo? Kwa sababu mkasi huu ulikuwa kinga ya bakteria kabla haujawa chombo chetu. Bakteria huhifadhi ndani ya jenomu yake vipande vya virusi vilivyowahi kumshambulia, kama kumbukumbu, na hunakili RNA kutoka vipande hivyo ili kuwatambua adui wakirudi. Kirusi kina PAM pembeni ya kipande hicho, lakini kumbukumbu iliyohifadhiwa haina. Bila tofauti hiyo bakteria angejikata mwenyewe. Mirudio hiyo ya ajabu ilionekana mwaka 1987 huko Osaka kabla hakuna aliyejua kazi yake. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna ndio walioonyesha mwaka 2012 kwamba mkasi huo unaweza kupewa RNA ya kutungwa na kukata tunapotaka, nao wakapata Nobel ya kemia mwaka 2020.

Nimekata jeni yangu ili niunganishe mwishoni mwake protini inayong'aa kijani. PCR (kipimo kinachonakili kipande cha DNA ili kionekane) inaonyesha mkasi unafanya kazi, lakini karibu koloni zote zina pengo dogo badala ya kipande changu. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea popote, umekutana tu na tabia ya seli. DNA iliyokatika pande zote mbili ni hatari, na seli ina njia kuu mbili za kuiponya. Ya kwanza ni kuzishika ncha mbili na kuziunganisha haraka, hata kama herufi chache zitapotea au kuongezeka. Hufanya hivyo saa yoyote. Ya pili ni kunakili kutoka kwenye kiolezo, yaani DNA ya mfano uliyoiingiza, ambayo ndiyo unayoitaka wewe, na hiyo hufanyika hasa pale seli imeanza kunakili DNA yake au imemaliza na inajiandaa kugawanyika. Kwa hiyo seli nyingi sahanini mwako zilikuwa zimeshashona kabla kiolezo chako hakijafikiwa.

Yako mambo ya kuangalia. Mkato uwe karibu sana na mahali pa kuingiza, herufi kumi hivi au pungufu, maana kila ukisogea mbali mafanikio yanashuka. Cas9 ipeleke ikiwa protini iliyokwisha kushikana na RNA elekezi, badala ya plasmidi (duara la DNA ambalo seli lazima ilisome kwanza ili itengeneze Cas9), ili ikate mapema wakati kiolezo kipo tele. Halafu, hili nakusihi: badilisha PAM ndani ya kiolezo, kwa herufi isiyobadilisha asidi amino. Usipofanya hivyo, seli itakupa marekebisho kamili, kisha Cas9 itarudi na kuyakata upya, na safari hii seli itashona ovyo. Mimi nilipoteza miezi mitatu kwa kosa hilo, nikiilaumu seli ambayo ilikuwa imenitendea haki mara ya kwanza.

Kama seli zako ni za neva zilizokwisha kukomaa, badili mpango kabisa. Seli isiyogawanyika karibu haiitumii njia ya kiolezo.

Ukipata koloni inayong'aa, usisherehekee bado. Seli ina nakala mbili za jeni hiyo. Moja inaweza kuwa na kipande chako na nyingine ikawa na pengo. Soma mfuatano wa zote mbili.

Je, mbinu za zamani, vidole vya zinki na TALEN, zimekufa?

Hazijafa. Hiyo ni mikasi iliyotangulia CRISPR, na yote miwili husoma DNA kwa protini (ya TALEN huitwa TALE): kidole kimoja cha zinki hutambua herufi tatu hivi, na kirudio kimoja cha TALE hutambua moja. Kwa hiyo kila mahali papya panadai protini mpya, na ndiyo maana CRISPR, inayodai RNA mpya tu, ilizipita mbio. Lakini ndani ya mitokondria, vyumba vya nishati vya seli vyenye DNA yake vyenyewe, ni vigumu kuingiza RNA elekezi. Mwaka 2020, DNA ya mitokondria ilipohaririwa herufi kwa herufi, kilichopelekwa humo kilikuwa protini za TALE.

Watu wanaogopa mkasi kukata pasipotakiwa. Hofu hiyo ina msingi?

Ina msingi, na imefanyiwa kazi nyingi. Mfuatano wa herufi 20 una namna zaidi ya trilioni moja za kupangika, kwa hiyo kwa hesabu tupu ungetokea mara moja tu katika jenomu. Lakini jenomu haikupangwa kwa bahati nasibu. Ina familia za jeni zinazofanana, na Cas9 huvumilia herufi moja mbili zisizolingana, hasa zikiwa mbali na PAM. Siku hizi zipo Cas9 zilizoboreshwa kuwa kali zaidi, na zipo njia za kuitafuta mikato hiyo katika jenomu nzima.

Mimi huhofia zaidi pale pale palipokusudiwa. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Sanger huko Uingereza walionyesha kwamba baada ya mkato mmoja seli zinaweza kupoteza maelfu ya herufi pembeni yake. PCR fupi haioni hasara hiyo, kwa kuwa mahali pa kushikia vianzishi vyake, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, pameondoka pia. Inasoma nakala iliyosalia na kukuambia mambo ni shwari.

Mdogo wangu ana selimundu. Nimesikia tiba ya CRISPR imeidhinishwa. Kama kosa ni herufi moja, kwa nini hawakuisahihisha hiyo herufi?

Pole kwake na kwenu nyumbani. Swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wataalamu.

Tiba hiyo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo huo. Haiigusi kabisa herufi yenye kosa. Seli shina za damu hutolewa kwa mgonjwa, na ndani yake hukatwa sehemu inayoiwasha jeni ya BCL11A katika seli za damu. Kazi ya jeni hiyo ni kuizima himoglobini ya mtoto aliye tumboni baada ya kuzaliwa. Ikidhoofishwa, himoglobini ya utotoni inarudi, nayo haigandamani kama ile ya selimundu. Unaona walichofanya? Hawakuitaka seli inakili kiolezo, jambo ambalo seli shina za damu hulifanya kwa shida. Waliitumia ile njia yake ya haraka ya kushona ovyo, kwa sababu safari hii kuharibu ndiko kulikohitajika. Katika jaribio lililopelekea idhini ya Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila mashambulizi makali ya maumivu.

Lakini si tiba nyepesi. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuondoa zilizomo kwenye uboho, na dawa hiyo inaweza kugusa uwezo wa kuzaa. Hilo mliongee na daktari wake kwa uwazi.

Sasa hiyo herufi. Kosa la selimundu ni A iliyogeuka T. Mwaka 2016 maabara ya David Liu ilitengeneza kihariri kinachogeuza herufi bila kukata nyuzi zote mbili: kwanza C kuwa T, na mwaka 2017 A kuwa G. Hakuna kati ya hivyo kinachoweza kuirudisha T kuwa A. Kinachowezekana ni kuibadilisha A iliyo kwenye uzi wa pili, ikiitazama T hiyo, na matokeo yake ni himoglobini iitwayo Makassar. Si ile ya kawaida, ila wapo watu waliozaliwa nayo na haigeuzi seli kuwa mundu. Katika panya njia hiyo imefanya kazi. Kihariri kingine, cha mwaka 2019, hubeba kiolezo chake ndani ya RNA elekezi yenyewe na kinaweza kuandika herufi yoyote, ikiwemo A unayoiulizia.

Mtu aliyehaririwa, je, watoto wake watarithi?

Zikihaririwa seli za damu au ini, hapana. Kikihaririwa kiinitete, ndiyo. Mwaka 2018 He Jiankui alitangaza huko China kuzaliwa kwa mapacha waliohaririwa jeni ya CCR5 wakiwa viinitete, na mwishoni mwa 2019 mahakama ilimhukumu miaka mitatu jela. Alitaka kuiga pengo la asili linalokinga dhidi ya VVU, lakini seli zilishona zilivyoona, na watoto wakapata mabadiliko ambayo hayakuwa yamepimwa popote kabla yao. Nalihesabu kuwa kosa kubwa dhidi ya watoto wale, maana hapakuwa na ugonjwa wa kuwatibu.

Kwa nini tiba nyingi ni za damu na ini? Ubongo na misuli je?

Kwa sababu ya usafiri. Damu unaitoa, unaihariri nje, unairudisha. Ini hunasa lenyewe vitone vidogo vya mafuta vinavyopita kwenye mishipa, kwa hiyo ukiipakia RNA ya kihariri humo inafika. Ndivyo alivyotibiwa mwaka 2025, huko Philadelphia, mtoto mchanga ambaye ini lake lilishindwa kuondoa amonia: kihariri cha herufi moja kilitungwa kwa ajili yake peke yake, katika muda wa miezi sita hivi.

Kwingineko hutumika virusi visivyodhuru vya AAV, ambavyo hubeba herufi kama 4,700 tu. Jeni ya Cas9 ya kawaida peke yake inakula 4,100, kabla hujaweka RNA elekezi wala kiwashio. Wengine wanatumia Cas9 ndogo ya Staphylococcus aureus, wengine wanakigawa kihariri katika virusi viwili kikaungane ndani ya seli. Na katika neva, hata mkasi ukifika, utakutana na seli isiyogawanyika, ile ile niliyomtahadharisha nayo mwenzenu wa protini ya kijani. Ndiyo sababu vihariri visivyotegemea mkato vinatazamwa kwa matumaini zaidi huko.