Kabla Hujachora Ubao wa Picha

Wewe unayeanza kuwatembelea watoto wasioweza kusema, nenda na mikono mitupu. Mimi niliingia nyumba moja kijijini, nje kidogo ya Tanga, kwa mtoto wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo, nimebeba ubao wa picha 40 za kugusa badala ya kusema, nilizochapa kutoka intaneti: choo cha kuvuta maji, mkate wa tosti, baba aliyevaa tai. Bibi yake akaugeuzageuza, akauliza, "Huyu bwana ndo nani, mwanangu?"

Nikachora upya kwa kalamu: ugali, ndoo, mkeka, choo cha shimo. Mtoto akautazama, basi. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa. Bibi alikuwa akijua mjukuu wake ana kiu kabla mwenyewe hajajua. Sasa picha ya maji aigusie nini? Tukaongeza "sitaki", "tena", "niacheni" na "uongo". Siku kaka yake alipotangaza kwamba Yanga wamefungwa, yule mdogo alikaza mkono, ukayumba, ukatua kwenye "uongo". Kaka mtu akaona haya, maana kweli alikuwa anamchokoza tu.

Lakini hata kabla ya ubao, tafuta ndiyo na hapana yake. Waulize wa nyumbani, mara nyingi wanazo tayari: macho juu ni ndiyo, kugeuza uso ni hapana. Mkalishe vizuri, miguu ikanyage kitu, la sivyo nguvu zote zitaishia kwenye kujizuia asianguke. Kiti cha maboksi yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga kinafaa kabisa. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kumi moyoni, kisha hesabu tena. (Hapa ndipo tunaposhindwa wengi, tunauliza na kujibu wenyewe.) Na unapoongea naye, gusa picha wewe pia. Atajifunzaje lugha ambayo hajamwona mtu akiitumia?

Ulizia na masikio. Manjano makali ya ngozi na macho siku za mwanzo baada ya kuzaliwa huweza kuharibu usikivu na uwezo wa kutawala viungo kwa pamoja, akili ikabaki timamu.

Mwalimu akikataa ubao darasani, mkumbushe kwa upole Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Njia kama hizi zimo kwenye maana yake ya mawasiliano.

Halafu tengeneza nakala mbili. Ule wa kwanza ulitafunwa na mbuzi.