Alisikia kila kitu, ila hakuweza kuinua kidole

SWALI: Hujambo, daktari? Ndugu yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 19, alipasuliwa kidole tumbo hapa Kisumu. Upasuaji haukufika saa moja, lakini alikaa kwenye mashine ya kupumulia kwa karibu saa nne zaidi. Anasema aliwasikia wauguzi wakizungumza, ila hakuweza kufumbua jicho wala kuinua kidole. Mama anaamini alizidishiwa mofini. Majirani wanasema alikuwa akiota. Nami nitapasuliwa tezi ya shingo mwezi ujao. Je, niogope?
Dada mtu, Nyalenda

JIBU: Dada, anza kwa kumwamini nduguyo. Anayoyaeleza yanaweza kumpata mtu kweli, na kumwambia kwamba aliota ni kumwongezea jeraha.

Mofini na fentanili, ambazo ni dawa za jamii ya afyuni, hufanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Huzima maumivu, na zikizidi humfanya mgonjwa apumue polepole mno, mboni zake zikasinyaa kama ncha ya sindano. Hata hivyo hazimfungi misuli, na naloksoni, dawa inayozipinga, ikidungwa mshipani humzindua ndani ya dakika chache. Mtu aliye macho, anayesikia, lakini asiyeweza kutikisa hata ukope, hakufanywa hivyo na mofini.

Dawa ya kulegeza misuli ni kitu kingine kabisa: hailazi usingizi wala haiondoi maumivu. Katika upasuaji wa dharura kama wa kidole tumbo, ambapo mpira wa kupumulia lazima uingizwe upesi kabla chakula hakijapanda kutoka tumboni, mara nyingi huchaguliwa suksamethoni. Dawa hii hujishikiza pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli; utaona misuli ikichezacheza chini ya ngozi, kisha kwa takriban dakika moja mwili wote unalegea. Kwa kawaida nguvu hurudi ndani ya dakika kumi hivi, kwa sababu kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huivunjavunja dawa ndani ya damu.

Wako watu wachache waliorithi kimeng'enya hafifu kutoka kwa wazazi wote wawili, na kwao dozi ile ile, iliyopimwa sawasawa, hudumu kwa saa kadhaa. Siwezi kuthibitisha bila kipimo cha damu, lakini masimulizi yako yanaelekea huko. Neostigmini, inayotumika kuondoa dawa nyingine za kulegeza misuli, hapa haifai, kwani hukizuia kimeng'enya hicho hicho. Linalobaki ni mashine kumpumulia mgonjwa hadi nguvu zimrudie, na katika saa zote hizo ni lazima aendelee kupewa dawa ya usingizi. Kuna kifaa kidogo ambacho nyaya zake mbili hubandikwa karibu na kifundo cha mkono. Kikituma umeme mara nne, kidole gumba cha mwenye nguvu zake hucheza mara nne. Kidole kikitulia tuli, anayemhudumia anajua kwamba misuli bado imefungwa, na kwamba ukimya wa mgonjwa si ushahidi kuwa amelala. Natamani kifaa hicho kitumike kila mahali dawa hizi zinapotumika.

Kuhusu upasuaji wako, usiuahirishe kwa hofu, lakini usiingie kimya. Ikiwa kila mzazi wenu amebeba nakala moja hafifu ya jeni ya kimeng'enya hicho, uwezekano wako wa kuwa kama nduguyo ni mmoja kwa nne. Omba upimwe kolinesterasi, na umweleze mtaalamu wa nusukaputi habari hii yote mapema. Kipimo kikionyesha upungufu, ataiacha suksamethoni na kutumia, kwa mfano, rokuroni, dawa nyingine ya kulegeza misuli, ambayo haitegemei kimeng'enya hicho. Fentanili na mofini pia hazikitegemei, kwa hiyo maumivu yako yatatulizwa kama ya mgonjwa mwingine yeyote.

Nduguyo naye apimwe, kisha aiombe hospitali barua inayotaja dawa aliyopewa na muda aliokaa kwenye mashine. Aiweke pamoja na kitambulisho chake.