Maswali ya wasomaji: wadudu ndani ya kitalu nyumba

Nikitikisa mnyanya, vidudu vyeupe vinaruka kama unga. Nimepiga dawa mara mbili, vimerudi. Nimeuziwa dawa feki? (Pongwe, Tanga)

Huenda dawa ni nzima. Hao ni inzi weupe, na wanaoruka ni sehemu ndogo tu ya kundi. Geuza jani la chini uliangalie kwenye mwanga: utaona vigamba bapa, vya njano iliyopauka, vimeganda bila kutembea. Hao ndio makinda. Dawa iliyorushwa juu ya majani haiwafikii, na mayai yanabaki salama. Kwa joto la pwani, yai huwa inzi kamili kwa wiki tatu hivi, kwa hiyo kupiga mara moja ukangoja mwezi ni kutupa hela.

Ingiza mdomo wa bomba chini ya majani, unyunyize kuelekea juu. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu. Kisha badili kundi la dawa, si chupa. Kutoka imidaklopridi kwenda asetamipridi hujabadili kitu. Zote ni za kundi moja, na inzi aliyezoea ile huizoea na hii upesi.

Nyumba yangu ina neti pande zote. Wanapita wapi? (Kiromo, Bagamoyo)

Kama ni neti ya mbu, wanapita humo humo. Inzi mweupe anahitaji kuzuiwa na neti yenye matundu 50 kwa inchi. Ubaya wake, hewa inapungua, na Bagamoyo mwezi wa pili hilo si jambo dogo. Basi ongeza eneo la neti ubavuni na uache tundu la hewa juu, nalo lizibwe kwa neti hiyo hiyo. Weka milango miwili, wa pili usifunguliwe kabla wa kwanza haujafungwa. Kagua miche kabla haijaingia, maana wengi huingia nayo. Tena inzi weupe hupenda rangi ya njano: mfanyakazi aliyevaa jezi ya Yanga anawabeba mgongoni. (Watani wa Msimbazi wasishangilie sana, wadudu hupanda hata nguo nyekundu.)

Mwarobaini nitumie kiasi gani? (Muheza)

Chukua kiini cha mbegu, si majani. Kausha kivulini, menya, pima gramu 500, twanga, uache kabla mafuta hayajaanza kutoka. Loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa cha kanga, tia sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike kwenye jani. Sabuni ya unga iache, inaunguza majani.

Piga jioni, kwa sababu jua huivunja dawa hii, na uimalize siku hiyo hiyo. Usitegemee kuona maiti asubuhi: makinda huacha kula na kushindwa kujivua gamba, hivyo matokeo huonekana baada ya siku kadhaa.

Majani yana vidoti vyeupe na utando mwembamba. Dawa ya wadudu haifanyi kitu. (Tanga mjini)

Ni utitiri, mwenye miguu minane, si mdudu. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vidoti vikitembea, ndio wenyewe. Dawa nyingi za wadudu humwacha hai na kuua wanaomla, ndiyo maana anazidi. Tumia abamektini au salfa kwa kipimo cha lebo. Salfa usiipige jua likiwa kali, wala ndani ya wiki mbili tangu upige mafuta ya mwarobaini, majani yataungua.