Nimepasuliwa sikio na kizunguzungu bado kipo: je, nimwendee daktari mwingine?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, mwanamke mwenye umri wa miaka 47. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikishikwa na kizunguzungu kikali cha saa mbili tatu, pamoja na kutapika, mvumo katika sikio la kulia na usikivu wa sikio hilo kupungua. Niliambiwa ni ugonjwa wa Ménière, na dawa ziliposhindwa nikafanyiwa upasuaji wa kifuko cha majimaji cha sikio la ndani. Sasa imepita zaidi ya nusu mwaka. Vile vizunguzungu virefu vimepungua, lakini kila ninapogeukia upande wa kulia kitandani chumba huzunguka kwa nguvu, kisha hutulia kabla dakika haijatimia, na mchana natembea kama niliye ndani ya mashua. Bado nameza sinarizini, dawa ya kutuliza kizunguzungu, kila siku. Daktari wangu amependekeza upasuaji wa pili, wa kuukata mshipa wa fahamu unaohusika na mizani ya mwili. Ninaogopa, ila naona kwenda kwa mwingine ni kumvunjia heshima aliyenihudumia. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na pole sana. Nianze na hilo linalokusumbua moyoni. Kutafuta maoni ya daktari wa pili si kumshtaki wa kwanza. Ni haki ya mgonjwa, na mbele ya upasuaji usioweza kutenduliwa mimi nauona kuwa ni wajibu. Mwambie daktari wako waziwazi kwamba ungependa bingwa mwingine alitazame tatizo lako kabla hujaamua, kisha umwombe barua ya rufaa pamoja na nakala za kumbukumbu zako. Daktari mzoefu huombwa hivyo mara kwa mara, na wengi hufarijika kusaidiwa kufikiri.

Upasuaji uliofanyiwa una historia ndefu, kwani Georges Portmann aliuanzisha Ufaransa katika miaka ya 1920, lakini mpaka leo wataalamu hawajakubaliana kuhusu kiasi cha manufaa yake. Mwaka 1981 madaktari wa Denmark walichapisha utafiti wa wagonjwa 30, ambapo baadhi yao walifanyiwa upasuaji kamili na wengine walichongwa tu mfupa wa nyuma ya sikio bila kifuko kushughulikiwa. Wengi katika makundi yote mawili walipata nafuu. Utafiti huo umebishaniwa sana tangu hapo. Ninautaja ili ujue kwamba kutopona baada ya upasuaji huu si lazima kuwe kosa la aliyeshika kisu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo barua yako imelisema vizuri kuliko vipimo vingi. Kizunguzungu cha ugonjwa wa Ménière hudumu kuanzia dakika 20 hadi saa 12, na hakingoji mtu ageuke kitandani. Hicho unachokipata sasa, kinachoamshwa na kugeuka na kutulia ndani ya dakika moja, kina sura ya ugonjwa mwingine: vijiwe vidogo vya kalsiamu vilivyo ndani ya sikio hung'oka mahali pake na kuingia katika mmoja wa mifereji ya mizani. Huweza kutokea baada ya upasuaji wa sikio, na pia huwapata wagonjwa wa Ménière. Kipimo chake hakihitaji mashine: daktari hukukalisha kitandani, hukigeuza kichwa chako upande mmoja, hukulaza haraka kichwa kikiwa kimening'inia kidogo nje ya ukingo, kisha huyatazama macho yako. Yakianza kuchezacheza kwa namna mahususi, jibu limepatikana, na tiba ni kukizungusha kichwa hatua kwa hatua ili vijiwe virudi vilikotoka. Aghalabu huchukua dakika chache tu. Siwezi kukuhakikishia kwa barua kwamba ndicho ulicho nacho, lakini kwa maoni yangu usiukubali upasuaji wa pili kabla kipimo hicho hakijafanyika.

Ule mtikisiko wa mchana ni jambo jingine. Sikio linapoumia, ubongo hujifunza upya kuushika mwili, na hujifunza kwa kutembea na kwa mazoezi maalumu ya mizani yanayofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Dawa kama sinarizini zikitumiwa kwa muda mrefu huchelewesha kujifunza huko, kwa hiyo muulize daktari namna ya kuipunguza. Usiiache ghafla kwa uamuzi wako mwenyewe.

Tafuta bingwa wa masikio, pua na koo anayeshughulika hasa na mizani. Kutoka Tanga, hospitali za Muhimbili jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi ni mahali pa kuanzia. Beba vipimo vya usikivu vya kabla na baada ya upasuaji, picha za CT na MRI zenyewe pamoja na majibu yake, orodha ya dawa, na hasa ripoti ya upasuaji, ambayo wagonjwa wengi huisahau ingawa ndiyo inayoeleza kilichoguswa. Mweleze pia kama huumwa kipandauso, kwa sababu nacho huleta kizunguzungu, na kama sauti kubwa au kupiga chafya hukuyumbisha, maana huenda mfupa unaofunika mfereji wa juu wa mizani una tundu, hali iliyoelezwa na Lloyd Minor na wenzake nchini Marekani mwaka 1998. Muulize swali hili kwanza: "Je, ugonjwa uliotajwa mwanzo ndio unaonisumbua sasa?" Swali la kukata mshipa litafuata baadaye, pamoja na hatari zake kwa usikivu na kwa mshipa wa uso.

Usisubiri miadi ukiona usikivu umepotea ghafla, uso umepinda, maji yasiyo na rangi yanatoka sikioni au puani, una homa na shingo kukakamaa, ulimi umekuwa mzito, unaona vitu viwili viwili au upande mmoja wa mwili umelegea. Hapo nenda hospitali iliyo karibu nawe siku hiyohiyo.