Jibu: Prosesa niliyoipandisha kasi inachemka, nibadilishe feni tu?
Habari mkuu. Nimekusoma: prosesa ya wati 95 umeipandisha kutoka GHz 4.0 hadi 4.6, volti kutoka 1.20 hadi 1.35, sasa inagonga nyuzi 97 na kujipunguza kasi yenyewe. Unauliza ubadilishe feni tu au na hitisinki (kile chuma cha kupozea kinachokaa juu ya prosesa).

Kabla ya kutoa hela, fungua hitisinki uangalie chini yake. Mimi nilihangaika siku mbili nzima, kumbe ile plastiki ya kiwandani sikuibandua! Futa pesti ya zamani (ile krimu ya kupitisha joto kutoka prosesa kwenda hitisinki), weka mpya kiasi cha punje ya njegere, kaza skrubu kwa mshazari.

Kama hapo pako sawa, feni peke yake haitakuokoa. Wati hupanda kwa mraba wa volti, halafu unazidisha na kasi, kwa hiyo zile 95 sasa zinakaribia 140. Hitisinki fupi ya alumini iliyokuja na prosesa haikuundwa kwa mzigo huo. Tafuta ya mnara, mabomba ya shaba manne au zaidi, feni ya milimita 120 yenye pini nne ili ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) uongoze kasi yake.

Ila pima nafasi ndani ya kasha la kompyuta kwanza. Nyingi zina kimo cha milimita 155 hadi 165, na feni hugonga vijiti vya RAM (kumbukumbu ya kompyuta) vilivyo virefu. Kasha lako hukulitaja, tupe vipimo vyake. Huku ukisubiri, jaribu volti 1.30, huenda 4.6 ikasimama vizuri tu.