Je, 4294967297 ni namba tasa?

SWALI: Mwalimu, nimeandika programu ndogo ya kutambua namba tasa. Inapandisha 2 kwenye kipeo cha n − 1, inagawanya kwa n, na baki likiwa 1 inatangaza kwamba n ni tasa. Imetangaza hivyo kwa 4294967297, lakini mwenzangu ameigawanya kwa 641 na hakikubaki kitu. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwenzako amepatia, kwa kuwa 641 × 6700417 = 4294967297, na vigawo hivyo viwili vyenyewe ni tasa. Programu yako nayo imekokotoa sawasawa. Kilichokosewa ni tafsiri ya baki lile. Kanuni ya Pierre de Fermat inasema kwamba kila namba tasa inayozidi 2 itabakiza 1, lakini haisemi kwamba kila inayobakiza 1 ni tasa. Hata 341, ambayo ni 11 × 31, hupenya jaribio lako.

Namba uliyoichagua ina mtego wa ziada, kwani imejengwa kwa 2 yenyewe: ni 2³² + 1. Kwa kuwa 2³² imepungukiwa na 1 tu kuifikia n, katika hesabu za baki inasimama mahali pa −1, na ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2⁶⁴, inayobakiza 1. Kipeo chako, n − 1, ni kigawe cha 64. Kwa hiyo jibu lingekuwa 1 tu, n iwe tasa isiwe. Weka 3 badala ya 2 uone: baki halitakuwa 1. (Bila shaka lugha unayotumia inaruhusu namba ndefu, kwa sababu kwenye biti 64 zisizo na alama, 2³² × 2³² hufurika na kusomeka 0.)

Fermat mwenyewe aliiamini kuwa tasa, maana 3, 5, 17, 257 na 65537, zilizoundwa kwa mtindo huohuo, ni tasa zote. Leonhard Euler ndiye aliyeivunja mwaka 1732. Chini ya kipeuo chake cha pili kuna namba tasa 6542, lakini Euler alikuja kuthibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641, yaani jaribio la tano tu.

Unaweza kuhakiki bila kikokotoo. Angalia kwamba 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Ukigawanya kwa 641, basi, 5 × 2⁷ ni sawa na −1, na kipeo chake cha nne, 5⁴ × 2²⁸, ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴. Ukiiweka mahali pake, −2³² inakuwa sawa na 1, hivyo 2³² + 1 haibakizi kitu.

Kwa namba za ukubwa huu, afadhali programu igawanye moja kwa moja hadi kipeuo cha pili, kazi ambayo kompyuta huimaliza mara moja. Jaribio la Fermat liwe chujio la kwanza kwa namba ndefu zaidi.