Kufuatilia kompyuta hakuongezi ufanisi

Je, mwajiri akifuatilia kwa programu yale yanayofanywa kwenye kompyuta za kazini, wafanyakazi huchapa kazi zaidi? La, hawawi wachapakazi zaidi kwa sababu tu wanafuatiliwa. Wanachoongeza ni kile kinachohesabiwa, na ndiyo maana wapo wanaotikisa kipanya ili waonekane wako kazini huku akili ikiwa kwenye simu. Uchambuzi wa jumla wa tafiti nyingi uliochapishwa katika jarida la Personnel Psychology haukupata ushahidi kwamba ufuatiliaji huo huinua utendaji, ila ulibaini kuwa huongeza msongo, na kwamba watu huupokea vizuri zaidi pale unapofanywa kwa uwazi na bila kupekua kupita kiasi. Katika ofisi ya uwakala wa forodha ninakofanya kazi hapa Tanga, walionung'unika zaidi hawakuwa wavivu, bali makarani wakongwe waliokuta programu ya ufuatiliaji imeshawekwa bila kuambiwa neno. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe kwanza madhumuni yake, ingawa haimkatazi mwajiri kufuatilia vifaa vyake kwa sababu halali.